Mackinnon Road: Shuka Basi, Vuka Barabara

Ukimtajia mtu wa mjini jina la Kwale, aghalabu atakumbuka Diani na mchanga wake mweupe, ama Msambweni na samaki wake wa kupaka. Ni wachache watakaokumbuka kwamba Kwale hiyo hiyo inapanda kutoka baharini, inapita Kinango, inaingia katika nyika ya Taru na kuja kutokea kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, takriban kilomita 100 kutoka kisiwani. Huko ndiko uliko mji mdogo wa Mackinnon Road. Wengi wetu tumeupita mara zisizo na idadi. Walioketi wakala humo kwa raha yao ni wachache mno, na leo nataka kueleza ni kwa nini.

Mimi mwenyewe nilianza kuujua mji huu kwa bahati mbaya. Ilikuwa likizo ya Agosti, nasafiri kutoka Nairobi na mama yangu mzazi pamoja na watoto wawili. Mama ana ugonjwa wa kisukari. Asubuhi alikuwa amemeza tembe zake, akapata kikombe cha chai na kipande cha mkate, kwa kuamini kwamba basi lingesimama Mtito Andei kama yafanyavyo mengi, naye angekula chakula cha mchana kwa saa yake. Halikusimama. Utingo alisema tungekula mbele. Tulipopita Voi nikaona mama anatokwa jasho, na jua lenyewe halikuwa kali. Nilipomshika mkono nikaukuta unatetemeka.

Basi lile, ambalo sitalitaja, likaja kuegesha Mackinnon Road mbele ya hoteli moja kubwa. "Dakika kumi na tano!" akatangaza utingo. Tulishuka abiria wapatao hamsini kwenye kaunta moja. Nyuma ya kioo kulikuwa na vibanzi vilivyopoa, soseji, na mapaja ya kuku yaliyokauka chini ya taa. Foleni ilifika mlangoni. Dereva na utingo hawakupanga foleni. Walipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, na kupitia pazia niliona sinia ya nyama ya mbuzi ikipelekwa huko.

Nikamuuliza utingo kama ningeweza kuvuka barabara kumtafutia mama kitu upesi. "Gari likitoka mko huko, shauri yenu," akasema.

Tukavuka. Kulikuwa na kibanda cha mabati, mabenchi mawili na sufuria tatu zenye mifuniko. Mwenye kibanda alimtazama mama usoni mara moja tu. Hata salamu hatukumaliza. Alimimina chai ya maziwa, akakoroga sukari vijiko ambavyo sikuvihesabu, akamsogezea. "Anywe kwanza, maneno baadaye," akaniambia. Kisha akapakua mbaazi za nazi na mahamri. Mama alipomaliza kikombe cha pili, mkono ulikuwa umetulia na ameanza kuwakemea watoto, nikajua yuko salama. Basi likapiga honi. Nikaruka. Mzee mmoja dereva wa lori, aliyekuwa akimenya yai kwenye benchi la pili, hakuinua hata kichwa. "Kaa ule, binti yangu. Hiyo ni honi ya kuwatisha tu. Dereva wenu hajamaliza nyama yake."

Alisema kweli. Tulikula tukashiba, tukarudi na kukuta watu bado wanagombania vibanzi. Hesabu yetu sisi wanne kwa chai, mbaazi na mahamri haikufika shilingi 500.

Msomaji, mambo haya si siri. Katika barabara kuu zetu, hoteli nyingi za njiani huwalisha bure dereva na utingo ili wawaletee abiria. Hakuna ubaya dereva akila. Mtu aliyeshika usukani saa tano anastahili nyama na dakika za kunyoosha miguu, na mimi ningependa ale vizuri kuliko asinzie. Lakini chakula cha bure hakipo. Ile sinia ya chumba cha nyuma inalipwa na paja la kuku la abiria, ndiyo maana bei ya upande mmoja wa barabara si bei ya upande wa pili. Na abiria haambiwi kwamba ana ruhusa ya kula anapotaka. Anatishwa kwa honi.

Basi baada ya kisa kile nilirudi Mackinnon Road peke yangu, safari hii kwa matatu, nikashinda kutwa nzima. Nilitaka kujua ni nini hasa tunachokipita kila tunapokimbilia baharini.

Jambo la kwanza ni kwamba mji huu umezaliwa na wapita njia. Jina lake latokana na Sir William Mackinnon, Mskoti tajiri wa meli, aliyeongoza Kampuni ya Imperial British East Africa. Kampuni hiyo ilianza kukata njia ya mikokoteni kutoka pwani kuelekea bara mnamo 1890. Kabla ya hapo misafara iliiogopa sana nyika ya Taru kwa ukosefu wa maji. Ilitegemea mashimo ya miamba yaliyokusanya maji ya mvua. Ukitoka Mombasa utapita mahali paitwapo Maji ya Chumvi, na jina lenyewe linajieleza. Kisha mwaka 1896 ikaanza kujengwa reli. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo.

Watu hao walipaswa kula. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee alipata zabuni ya kuwapelekea chakula, naye Allidina Visram akafungua maduka kando ya reli kadiri ilivyosogea. Siwezi kusema chapati na dengu zilifika kwetu kwa reli, kwani Wahindi walikuwa wakifanya biashara na pwani hii karne nyingi kabla. Lakini unga, dengu na samli vilipanda bara pamoja na mataruma, na hadi leo ukiagiza chapati kwa dengu Mackinnon Road unakula chakula kilichopita hapa zamani sana.

Mmoja wa wafanyakazi hao ndiye sababu ya magari mengi kusimama. Kando kabisa ya reli ya zamani upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye inasimuliwa kwamba alipobeba karai la mchanga, karai lilielea juu ya kichwa chake pasipo kukigusa, na kwamba simba waliowala wenzake hawakumdhuru. Madereva wengi, Waislamu na wasio Waislamu, husimama kuomba dua na kuacha sadaka kabla ya kuendelea na safari. Mgeni huvua viatu, mwanamke hufunika kichwa, na hakuna anayekuuliza dini yako.

Anza basi na hoteli za jirani na msikiti. Hizi ni za pilau. Nilijaribu mbili. Ya kwanza pilau yake ilikuwa na rangi nzuri na ladha ya maji ya moto. Mpishi alikuwa amechoma vitunguu mpaka vikawa vyeusi, bizari ameionea choyo. Ya pili, ndogo zaidi, yenye meza tano na kalenda ya zamani ukutani, ilikuwa kitu kingine kabisa. Wali umechambuka punje kwa punje, mbuzi ameiva hadi anaachana na mfupa, kachumbari imekatwa papo hapo, na ndimu haikuombwa, ililetwa. Uliza kwanza pilau imeteremshwa saa ngapi. Ikiwa ni saa saba mchana na mwenye hoteli anaanza kufikiri, agiza chapati na maharagwe uende zako. Siku ya Ijumaa ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa watu ni wengi baada ya sala na sufuria haipati nafasi ya kulala. Mwezi wa Ramadhani usitegemee kupata chakula hapa kabla ya magharibi.

Nyama choma ni ya mwenye gari lake mwenyewe, maana haitaki haraka. Eneo hili ni la Waduruma, ambao miongoni mwa Wamijikenda ndio wafugaji hasa wa ng'ombe na mbuzi. Mbuzi wa Taru hula majani ya migunga na vichaka vikavu, na nyama yake ina ladha ambayo yule wa Nairobi aliyesafirishwa siku mbili kwenye lori hana. Ingia buchani, tazama muhuri wa mkaguzi, angalia kama mkia wameuacha ili ujue ni mbuzi kweli na si kondoo, kisha chagua mbavu au paja, wapime mbele yako. Agiza, nenda msikitini ama utembee, rudi baada ya saa moja. Wakikuletea baada ya dakika ishirini, hiyo ilichomwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Neno moja kuhusu majira. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia, na upande huu wa Kinango ndio ulioumia zaidi kuliko ule wa bahari. Mbuzi wa kiangazi kama kile ni ngozi na mbavu. Kwa hivyo usimlaumu mwenye bucha ukifika mwezi wa Februari ukakuta nyama ngumu. Uliza kama kuna supu. Mbuzi mgumu hutoa supu nzuri, yenye pilipili na ndimu, na madereva wa malori huinywa alfajiri kwa chapati mbili kabla ya kuikabili Nairobi.

Kuna chakula ambacho hukioni ukikaa barabarani. Ingia ndani kidogo, nyuma ya maduka, uwaulize akina mama wapi wanapika sima. Nililetewa sima ya mahindi, moto unaochoma vidole, na bakuli la mchunga, ile mboga chungu ambayo Wamijikenda huiita mtsunga. Umepikwa pamoja na majani ya kunde ili kupunguza uchungu, ukatiwa tui kidogo. Kando yake kulikuwa na maziwa lala. Watoto wenu wa mjini watakunja nyuso. Waacheni wakunje, wangu wa kiume alikula nilipompelekea kidogo kwenye mkebe, na dada yake akakataa hadi leo. Kwa mwenye kisukari kama mama yangu sahani hii ni rafiki kuliko vibanzi vyote vya barabara kuu, mradi sima iwe ya kiasi.

Wasomali nao wana hoteli zao, kwa kuwa mifugo mingi huuzwa na kupitishwa ukanda huu. Humo utapata anjera, ile mikate myepesi yenye vitundu, na chai ya viungo yenye iliki, mdalasini na tangawizi ambayo ingetosha kunirudisha mjini huu hata kama hakungekuwa na kitu kingine. Waulizie pia maziwa ya ngamia. Yana chumvichumvi na harufu ya moshi, kwani vyombo vyake hufukizwa kwa vijiti vinavyowaka ili maziwa yasiharibike upesi. Anayeyanywa mara ya kwanza aanze na nusu kikombe, hasa ikiwa bado ana saa sita za safari na basi halina choo. Sitaeleza zaidi.

Ni lazima niseme pia kwamba wapo wazee wa bara ambao jina la Mackinnon Road haliwakumbushi pilau hata kidogo. Waingereza walianza kujenga bohari kubwa la jeshi hapa mwaka 1947, wakaliacha baada ya muda mfupi, na miaka ya hamsini mahali hapo pakawa kambi ya kuwafungia watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau. Ukisafiri na babu aliyenyamaza ghafula mnapofika hapa, mwagizie chai umwache.

Nilirudi kwenye kile kibanda cha mabati. Mwenye kibanda alinikumbuka. "Shikamoo, mama," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu. Yule mama yetu hajambo?" Tukaongea akikanda unga wa mahamri ya jioni. Nilitaka kujua biashara imekuwaje, kwa sababu mengi yamebadilika. Treni mpya ya abiria ilianza mwaka 2017, nayo baada ya Mariakani husimama Miasenyi na Voi. Mackinnon Road haina kituo chake. Mwaka uliofuata ikaanza treni ya mizigo, na makontena mengi ya bandarini yakalazimishwa kupanda reli. Agizo hilo lilikuja kuondolewa Septemba 2022.

"Miaka ile nilikuwa nikipika kilo nne za mbaazi nalala na kilo mbili," akasema. "Tulikula wenyewe hata watoto wakachoka nazo." Malori yaliporudi alianza upya kwa kilo moja. Sasa amefika tatu. Nikamuuliza kuhusu mabasi. Akacheka. "Mabasi yanasimama pale. Mimi nauona mgongo wa abiria tu." Kisha akasema jambo ambalo limenikaa moyoni: kwamba yeye hawezi kumlisha dereva bure, kwa kuwa faida yake ya siku ni sahani sita au saba. Akimpa dereva mbili na utingo moja, nusu ya faida imekwenda.

Jambo jingine linalomgharimu ni maji. Bomba la Mzima, linalopeleka maji Mombasa kutoka chemchemi za Tsavo, linapita ukanda huu huu, lakini yeye ananunua kwa mtungi. Ndiyo maana ninapochagua mahali pa kula hapa sitazami rangi ya ukuta. Natazama kama pana ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni kwa ajili ya kunawa. Mahali ambapo maji yanauzwa, mwenye hoteli anayekupa ya kunawa bila kukunja uso anakuheshimu, na jikoni kwake huwa ni vivyo hivyo. Kibandani kwa mama huyu ndoo ilikuwa imejaa mara zote mbili nilizofika.

Kwa wale watakaosafiri kwa basi likizo ijayo, fanyeni hivi. Kabla ya kukata tikiti, ulizeni litasimama wapi na kwa muda gani, na mwulize mbele ya abiria wengine. Basi likisimama, mwambieni utingo waziwazi kwamba mnavuka, mwonyesheni mnakokwenda, na mmoja wenu abaki karibu na mlango. Vukeni kwa uangalifu na watoto mkononi, kwa kuwa malori hapa hayana breki za huruma. Agizeni kilichokwisha kuiva: mbaazi, maharagwe, chapati, supu. Wanafunzi, ninyi mnaosafiri na shilingi mia mbili mfukoni, upande ule ndio wenu. Na mwenye mgonjwa wa sukari aweke pakiti ya glukosi au peremende kwenye mkoba wake, asiitegemee ratiba ya basi hata siku moja. Mimi nilijifunza jambo hilo nikiwa nimechelewa.

Desemba tulisafiri tena na mama. Tulipofika Mackinnon Road, kabla utingo hajamaliza kutangaza dakika zake, mama alikuwa amekwisha simama na mkoba begani. "Sisi tunavuka," akamwambia. Nilipogeuka tukiwa katikati ya barabara, nikaona abiria wengine wanane hivi wanatufuata, na mwenye kibanda ameanza kupanga vikombe.

Jumapili ijayo tutateremka Msambweni, kuangalia ni wapi samaki wa kupaka bado anapakwa tui la nazi iliyokunwa nyumbani.